Mark II ya tabo inakata nikishuka Dar: niwekewe dayodi kwenye waya wa sensa?

Swali: Shikamoo mzee. Nina Mark II JZX100 yenye injini ya 1JZ-GTE, naishi Mbeya. Nilifunga kontrola ya busti (presha ya tabo) ya kuzungusha kwa mkono, na geji ya mshale inafika bar 1.05. Huku kwetu gari linavuta vizuri sana. Shida ni safari za Dar. Nikishashuka Kitonga, nikikanyaga mafuta ili nipite lori, gari linakata ghafla kama mtu amezima swichi. Nikiachia mguu linarudi. Nikigeuza kurudi Mbeya, tatizo linaisha lenyewe. Fundi wangu anasema ni sensa ya presha, anataka kufunga dayodi ya zena kwenye waya wake ili kontroli boksi (kompyuta ya injini) isiione presha kubwa. Anasema ni kazi ya nusu saa na hela ndogo. Fundi mwingine anasema dayodi haifai, niweke rizista. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Fundi wako wa kwanza ameona mahali penyewe. Kontroli boksi inakata mafuta kwa sababu ya taarifa inayotoka kwenye sensa ya presha. Ila sensa hiyo ni nzima na inasema kweli. Nianze na kwa nini gari linakata bondeni na halikati Mbeya, maana ukishalielewa hilo, suala la dayodi na rizista utalimaliza mwenyewe.

Geji yako ya mshale hupima tofauti kati ya presha iliyo ndani ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) na hewa iliyo nje. Injini ikiwa imezimwa inasoma sifuri, uwe Uyole uwe Kigamboni. Sensa ya gari haipimi hivyo. Ndani yake kuna utando mwembamba wa silikoni. Upande mmoja umefungiwa kachumba kasicho na hewa kabisa, upande wa pili unapokea presha ya manifodi. Kwa hiyo sensa inahesabu kuanzia sifuri halisi, na hewa ya mahali ulipo inaingia kwenye hesabu. Pwani presha ya hewa hiyo ni kama kPa (kilopaskali) 101. Mbeya, kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, inabaki kama 83. Morogoro mjini, kwenye mita 500, ni 95 au 96.

Sasa jumlisha. Bar 1 ni kPa 100, kwa hiyo 1.05 ya geji yako ni kPa 105. Ukiwa Mbeya sensa inaona 83 na 105, jumla 188. Ukiwa Morogoro inaona kama 200. Dar es Salaam inaona 206. Mshale umesimama palepale, lakini injini imemeza hewa karibu asilimia 10 zaidi ya ile ya nyumbani. Bila shaka umewahi kuona kwamba gari linakuwa jepesi kweli ukifika bondeni, kabla halijakukata. Si joto la pwani linalolichangamsha, ni hewa nzito.

Geji haibadiliki kwa sababu ya westigeti, yaani kile kilango kinachopitisha ekzosi pembeni ili tabo isizidishe presha. Kikopo chake kina kiwambo na springi: upande mmoja unasukumwa na presha ya tabo, upande wa pili uko wazi kwa hewa ya nje. Springi inajua tofauti tu. Kontrola yako ya mkono inavujisha sehemu ya ile presha kabla haijafika kwenye kikopo, basi springi inachelewa kufunguka, lakini hesabu inabaki ya tofauti. Ukiipanga 1.05 Mbeya, itakupa karibu 1.05 popote. Hakuna mtu aliyeiambia kwamba umeshuka mita elfu moja na mia mbili kufika Ruaha Mbuyuni.

Aliyeambiwa ni kontroli boksi, na ndiyo maana inakata. Toyota waliweka mpaka: presha ikipita kiwango fulani, nozo zote za mafuta zinafungwa kwa mpigo. Kwa maelezo yako, kwenye gari lako mpaka huo uko mahali kati ya 188 na 200. Mbeya uko chini yake kwa upana mdogo, bondeni umeuvuka. (Na tafadhali usiende kulithibitisha hili ndani ya Hifadhi ya Mikumi. Twiga hawajui habari za busti, na faini za pale zinauma.)

Mpaka ule haukuwekwa kwa ajili ya kumbania mwenye gari. Umewekwa kwa siku ambayo kampira kadogo kanakokwenda kwenye kikopo cha westigeti kanachomoka au kanapasuka. Kakichomoka, westigeti haifunguki tena, na tabo inaendelea kupandisha mpaka kitu kivunjike. Kampira kenyewe kanapikwa na joto la tabo miaka zaidi ya 20 sasa. Ulipofunga kontrola yako uliongeza viungo vingine viwili vya mpira kwenye njia hiyohiyo, na dayodi inakuja kuondoa ulinzi uliobaki.

Hilo peke yake lingenitosha kukukataza. Kwenye 1JZ kuna kubwa zaidi.

Injini hii haina kipimo cha hewa kwenye bomba la kuingizia. Hakuna waya wa moto unaopima gramu zinazopita. Kontroli boksi inakisia hewa kwa kupiga hesabu: presha ya manifodi, joto la hewa, mizunguko ya injini, ujazo wa silinda. Waya ule anaotaka kuukata fundi wako ndio unaobeba nusu ya hesabu ya mafuta, na kiasi cha kuwahisha cheche kinatoka humohumo. Ni sawa na mpishi wa shughuli anayepika kwa idadi aliyoambiwa: ukimwambia watu mia na wakaja mia na thelathini, sufuria haitaongezeka kwa sababu wewe ulificha.

Twende kwa namba. Silinda moja ya 1JZ ni lita 0.415 hivi. Tuchukue kwamba inajaa kikamilifu na hewa iliyotoka kwenye intakula (kipoza hewa cha tabo) ina nyuzi 50. Kwa kPa 206 silinda inabeba gramu 0.92 za hewa. Tuseme dayodi imepangwa ikomee kwenye volti inayolingana na kPa 185. Kontroli boksi itaamini kuna gramu 0.83. Kama ilikusudia uwiano wa hewa 11.5 kwa mafuta 1, itamwaga mafuta ya kutosha gramu 0.83 za hewa tu, na uwiano halisi utakuwa 12.8. Hapo injini bado inaishi, tena inaweza kuonekana ina nguvu zaidi, kwa sababu Toyota za tabo za miaka ile zilitoka kiwandani zikimwagiwa mafuta mengi kuliko zinavyohitaji. Ndiyo siri ya mafundi wengi waliofunga dayodi na gari likarudi kwa furaha. Walikula akiba ya kiwanda.

Lakini dayodi haina mwisho wa uongo wake. Baada ya 185 kila presha ni 185. Ukizungusha kontrola kidogo ufike bar 1.3, Dar hiyo ni kPa 231, na uwiano unakuwa 14.4. Kampira ka westigeti kakichomoka ukafika 250, uwiano ni 15.5, wakati cheche inapigwa mapema kana kwamba injini imetulia kwenye 185. Mafuta machache, cheche ya mapema, presha kubwa, yote kwa pamoja. Mafuta yanaanza kuwaka yenyewe pembeni ya silinda kabla moto wa plagi haujayafikia, unasikia mlio kama kokoto kwenye kopo. Sisemi ile noki ya beringi, nasema mlipuko huu wa mafuta. Huo hautoboi pistoni siku moja tu, mara nyingi huvunja kwanza kingo zinazoshika ringi, unaanza kuona oili inapungua na moshi wa bluu, na mtu anasema tabo imechoka.

1JZ ina sensa mbili za kusikiliza mlio huo, na kontroli boksi itachelewesha cheche ikiusikia. Inasaidia kidogo. Haiwezi kuongeza mafuta ambayo haijui yanahitajika. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi nayo haitakuokoa: ile ya kiwandani inajua kusema "mengi" au "machache" karibu na uwiano wa 14.7 tu, na ukikanyaga mafuta mpaka mwisho kontroli boksi haiisikilizi kabisa. Kumbuka pia kwamba gari hili lilitengenezwa kunywa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo kwa kawaida huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Pampu zetu hazifiki huko.

Sasa dayodi yenyewe kama kifaa. Mtu akikuchorea kwenye karatasi inaonekana safi: volti inapanda sambamba na presha, ikifika 3.9 au 4.3 inakatwa kama kwa kisu. Dayodi za zena zilizo chini ya volti 5 hazikati kwa kisu. Zinaanza kuvujisha umeme mapema, kidogokidogo, kwa hiyo volti inaanza kupinda kabla ya mpaka ulioandikwa kwenye kifaa. Ukifunga ya 3.9, unaweza kuwa unadanganya tangu 3.5 au chini yake, sehemu ambayo ulidhani hujaigusa. Pia kiwango chake huhama na joto. Ndani ya boneti, jioni ya foleni ya Ubungo, dayodi haipo mahali ilipokuwa asubuhi. Na fundi akiifunga moja kwa moja kati ya waya wa taarifa na ethi (upande hasi) bila rizista ya kuzuia mkondo, anaibebesha sensa mzigo ambao haikutengenezewa.

HKS ya Japani iliwahi kuuza kikopo maalumu cha kazi hii, FCD, na wengine wakafuata. Vile vina saketi ya kweli ndani, vinakata vizuri zaidi. Lakini vina maana vikiwa sehemu ya mpango mzima tu: pampu ya mafuta, nozo, na kifaa cha kurekebisha mafuta vikiwekwa pamoja. Kikopo peke yake ni dayodi yenye sanduku zuri.

Rizista ya fundi wa pili ni mbaya zaidi, japo inaonekana ya upole. Dayodi angalau inaacha presha ndogo ilivyo. Rizista iliyofungwa katikati ya waya inagawana volti na ukinzani ulio ndani ya kontroli boksi, basi inapunguza taarifa kuanzia sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) mpaka mwisho. Injini inakosa mafuta hata ikisimama kwenye taa. Gari linatetemeka asubuhi, fundi anabadilisha plagi, anasafisha throto, hela inaisha, na kumbe kosa ni lile alilolifunga yeye. Nimeona pia watu wanaotoboa mpira wa sensa na kuweka kivujishi ili presha ipungue kabla ya kufika. Hiyo inapunguza taarifa kwenye busti, lakini kwenye sailensi inaipandisha, maana hewa ya nje inaingia, halafu inakuongezea uvujaji wa vakyumu. Na kuchomoa soketi ya sensa kabisa, kama alivyoniuliza mtu mwingine, kwenye 1JZ kutakuwashia taa ya injini na gari litakwenda kwa taabu tu.

Kuna kosa moja la wenye elimu kidogo ya umeme nalo nilitaje. Ukiweka taarifa ya sensa kwenye osiloskopu utaona inacheza, haijanyooka. Si uchafu. Kwa mizunguko 6,000 injini ya silinda sita inavuta hewa mara 300 kwa sekunde, na kila mvuto unaacha alama. Kontroli boksi inajua kuchuja. Mtu akiongeza kapasita yake ili "kusafisha" waya, anachelewesha taarifa: umekanyaga, hewa imeingia, lakini habari inafika ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na kwa muda huo injini imekula hewa bila mafuta ya kutosha.

Usichukue haya niliyosema ukayapeleka kwenye gari lolote la tabo. Mafundi wengi huhamisha dawa kutoka gari hadi gari. Forester ya tabo, mfano, mara nyingi ina kipimo cha hewa kwenye bomba, kwa hiyo mafuta yake hayategemei sensa ya presha kama ya kwako. Mtu akiidanganya sensa pale, mafuta yatabaki karibu na sawa. Ila Subaru hutumia sensa hiyohiyo kuongoza busti yenyewe. Dayodi ikikomea chini ya presha ambayo kontroli boksi inaitafuta, kontroli boksi inaona haijafika, inaongeza, inaona bado, inaongeza tena. Dizeli nako ni kinyume chake. Kwenye Prado na Surf za 1KZ-TE watu huchezea sensa ili isome juu, wapate mafuta zaidi. Wanapata nguvu na moshi mweusi, na joto linakwenda kwenye silinda hedi ambayo tayari ina sifa mbaya ya kupasuka. Hao siwasemei zaidi.

Turudi Mark II yako. Habari njema ni kwamba hukosi nguvu yoyote unayodhani unaikosa. Nyumbani unafurahia kPa 188. Ukiwa Dar, ili upate 188 ileile, geji inatakiwa isome 188 kutoa 101, yaani 0.87. Panga kontrola 0.85 ukiwa pwani na una karibu hewa yote uliyokuwa nayo Mbeya kwa 1.05, chini ya mpaka, bila kukata waya.

Tena tabo itakushukuru. Hapa kuna jambo ambalo wenzetu wa nyanda za juu hawaliangalii. Kutoa 188 kutoka kwenye hewa ya 83, tabo inazidisha mara 2.27. Kutoa 186 kutoka kwenye hewa ya 101, inazidisha mara 1.84 tu. Ukichukua tabo yenye ufanisi wa asilimia 70, Mbeya yenye hewa ya nyuzi 22 hewa inatoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi kama 133. Dar, japo nje ni nyuzi 32, inatoka na 115 hivi. Kwa hiyo 1.05 ya Mbeya haikati, lakini si ya bure, maana tabo inazunguka kwa kasi zaidi na inapika hewa zaidi kuliko mahali pengine popote unapoendesha. Kama gari lingekuwa JZX90 la zamani, lenye tabo mbili ndogo za CT12A zenye magurudumu ya kauri upande wa ekzosi, ningekwambia ushushe leo hii. Yale magurudumu yanajulikana kwa kubanduka yakipelekeshwa. Kwa lako nasema 0.95 ingenifurahisha zaidi, ila gari ni lako.

Kama kuzungusha kontrola kila safari kunakuchosha, ipange pwani mara moja uiache. Mbeya utakuwa na kPa 168, utaona upungufu, hutakufa. Au nunua kontrola ya umeme ambayo inalenga presha kamili badala ya tofauti. Zipo, na hiyo ndiyo ingekufaa wewe unayepanda na kushuka.

Kabla ya hapo hakikisha geji yako ni ya aina gani. Zima injini ukiwa Mbeya uiangalie. Ikisoma sifuri, hesabu zangu zote ziko sawa. Zipo geji za umeme zinazopima presha kamili kisha zinatoa 101 kwa mazoea. Hizo zikiwa Mbeya injini imezimwa zinasoma karibu 0.18 chini ya sifuri. Umesema yako ni ya mshale, lakini mishale nayo siku hizi inaendeshwa na umeme.

Sensa nayo unaweza kuipima bila mashine, na wewe una bahati ya kuishi mlimani. Ina waya tatu: volti 5, ethi, na taarifa. Washa swichi bila kuwasha injini, pima kwa multimita kati ya ethi na taarifa, andika namba. Hapo sensa inasoma hewa ya Mbeya, 83. Ukifika Dar rudia, inasoma 101. Umepata nukta mbili za mstari, na mstari ukiuendeleza unajua kila volti ni presha gani. Nikupe mfano wa sensa ya GM ya bar 3, ambayo mafundi wengi huifahamu: kila volti ni kama kPa 63, hivyo kati ya Mbeya na Dar ingepanda volti 0.29. Sensa yako ina mstari wake, na utauona mwenyewe. Ukikuta haijabadilika kati ya sehemu hizo mbili, hapo ndipo useme sensa imekufa au mpira wake umeziba.

Pima pia ethi yenyewe, injini ikiwa inaunguruma: kutoka waya wa ethi wa sensa hadi ncha hasi ya betri. Ikizidi millivolti 50, kuna kutu mahali. Volti 0.1 ya kutu kwenye ile sensa ya GM ni kPa 6 za uongo, na kwa gari lililo karibu na mpaka kama lako, kPa 6 zinatosha kukukata mapema au kukuchelewesha. Magari yaliyokaa pwani yananipa kazi hii mara nyingi. Kinyume chake, ile volti 5 ikishuka kidogo isikutishe sana: sensa na kontroli boksi vinatumia volti ileile kama kipimo, kwa hiyo vinashuka pamoja.

Siku utakapotaka kweli kuvuka 200, bar 1.2 au zaidi, njia ya haki ipo, na ni ya gharama. Kontroli boksi ya Mark II ya miaka ile huwezi kuiandika upya kwa kuchomeka kompyuta kwenye soketi. Unaweka kontroli boksi inayojitegemea, Link au Haltech au nyingine ya jamii hiyo, unafunga sensa ya bar 3 au 4, na unaiambia volti hii ni presha hii. Hapo umebadilisha sensa bila kudanganya mtu. Mafuta yanaandikwa upya, cheche inaandikwa upya, mpaka wa kukata unauweka mwenyewe mahali unapotaka, na usiuondoe. Pampu na nozo zinafuata. Vile vikopo vya kuingilia waya katikati na kupunguza au kuongeza taarifa kwa kukisia, siviwekei moyo kwenye injini inayopima kwa presha: kila unapopunguza taarifa ili kupunguza mafuta, umewahisha na cheche.

Kitu kimoja ningekushauri ununue hata usipobadilisha chochote: geji ya waidibendi, inayokuonyesha uwiano wa hewa na mafuta. Bei yake inazidi dayodi mara nyingi, ndiyo. Lakini ukikanyaga mpaka mwisho ukaona 11 na kitu, unajua uko salama. Ukiona inapanda kuelekea 13 busti ikiwa kubwa, unaachia mguu kabla ya pistoni kukueleza.

Mwisho, uwezekano kwamba si presha kabisa. Kukatwa kwa mafuta kunajulikana: kunatokea kwenye namba ileile ya geji kila mara, injini yote inazima kwa mpigo, unasukumwa mbele kwenye mkanda, na ukiachia mguu inarudi kama hakuna kilichotokea. Kwenye Toyota nyingi za tabo za miaka ile, ukiunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi cha uchunguzi na kuhesabu mimweko ya taa, kodi 34 inahusu presha ya tabo iliyozidi. Plagi au koili iliyochoka haikati hivyo, inakohoa: pu-pu-pu, namba tofauti kila siku, mbaya zaidi hewa ikiwa nzito, na hewa nzito iko bondeni vilevile. Kwa hiyo fanya hivi safari ijayo. Badilisha kampira ka westigeti na ukafunge klipu pande zote. Shusha kontrola hadi 0.85 ukifika Morogoro. Tafuta kilima baada ya Chalinze, barabara ikiwa tupu, gia ya tatu. Ikivuta safi hadi mwisho, umemaliza, mrudishie fundi dayodi yake. Ikikata tena kwenye 0.85, acha habari za sensa, fungua plagi uzitazame, na upunguze mwanya wake hadi milimita 0.8 kabla hujanunua koili.